Wadudu Wanaongoja Moto

Ukitoka stendi ya Buzuruga mwezi wa nane kuelekea Musoma, utaona mabaka meusi kando ya barabara, kuanzia Kisesa na Magu hadi Lamadi. Pengine moto umepita usiku wa kuamkia leo na visiki bado vinafuka. Abiria huangalia, hutikisa vichwa, na hakosekani mmoja wa kusema kwamba watu wetu hawana huruma na ardhi. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, shuleni, kanisani na redioni, na kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Moto wa mwishoni mwa kiangazi umeua miche ya miti isiyo na idadi katika nchi hii. Umeteketeza mazizi na maghala, umewaacha ng'ombe bila malisho wakati mvua ingali mbali. Lakini wapo viumbe ambao wakiliona baka hilo jeusi, wameona nyumba. Hao ndio ninaotaka kuwatetea katika sura hii, kwa sababu ni wachache wanaowatetea, na kwa sababu vita vyetu dhidi ya moto vimewasahau kabisa.

Nianze na yule anayeutegemea moto kuliko wote, ingawa haishi kwetu. Ni mbawakawa mweusi mwenye urefu wa sentimita 1 hivi, na wataalamu humwita Melanophila acuminata. Anapatikana Ulaya, Asia ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini. Akitulia juu ya gome lililoungua, jicho la kawaida humpita. Mgeuze chali ndipo utashangaa. Karibu na mahali miguu ya kati inapoungana na kifua kuna vishimo viwili, kimoja kila upande. Ndani ya kila kishimo zimejipanga chembe za mviringo zipatazo 70, kila moja ikiwa na ganda gumu na umajimaji ndani yake. Joto la moto husafiri hewani kama mwanga usioonekana kwa macho. Likizifikia chembe hizo, umajimaji hutanuka na kubonyeza ncha ya mshipa wa fahamu, na hapo mdudu anajua kwamba mahali fulani msitu unaungua. Mtafiti W. G. Evans ndiye aliyeonyesha jambo hili miaka ya 1960, na Helmut Schmitz wa Chuo Kikuu cha Bonn pamoja na wenzake wametumia miaka mingi kulichambua. Vipapasio vya mdudu huyo huyo hunusa moshi wa kuni.

Mwezi Agosti 1925 matangi ya mafuta yaliungua Coalinga, California, mahali pakavu pasipo na msitu. Mbawakawa wa jamii hii walifika pale kwa wingi wa kutisha, na misitu wanakozaliwa iko makumi ya kilomita kutoka mjini. Walikuwa wamedanganyika, maana kwenye mafuta hakuna chakula chao. Kwa kawaida safari hiyo ina faida kubwa. Mti ulio hai hujilinda kwa utomvu, na kiluwiluwi akijaribu kutoboa gome huzama humo akafa. Mti ulioungua hauna ulinzi. Dume na jike hukutana kandokando ya moto, jivu likiwa bado la moto, jike hutaga chini ya gome lililokauka, na watoto hula mbao hizo kwa raha bila wapinzani wengi. Baada ya muda mfupi mti huo haumfai tena. Kwa hiyo mbawakawa huyu haishi mahali, anaishi ndani ya tukio, na lazima tukio lijirudie.

Kusini mwa Uingereza, katika wilaya za Surrey, Hampshire na Dorset, anakaa kwenye nyanda za chini za kichanga, ardhi chachu isiyo na rutuba inayoota vichaka vifupi vigumu, misonobari hapa na pale. Msukuma angeitazama ardhi ile na kusema hii ni luseni, ardhi ya kichanga, isipokuwa baridi. Zaidi ya asilimia 80 ya nyanda hizo imepotea tangu mwaka 1800, kwa kulimwa, kupandwa misitu ya mbao na kujengwa nyumba. Kilichobaki ni vipande, na vipande hivyo vimezungukwa na watu ambao kwa haki kabisa hawataki moto karibu na madirisha yao. Zimamoto hufika upesi. Moto ukizimwa, wenye shamba huleta misumeno, wakakata miti iliyoungua na kuibeba ili eneo lionekane safi. Usafi huo ndio unaommaliza, kwa sababu gogo jeusi lililobebwa ni kitanda cha watoto wake.

Huko kaskazini wapo waliolichukulia jambo hili kwa uzito. Nchini Sweden, masharti ya cheti cha usimamizi wa misitu cha FSC yanawataka wenye misitu mikubwa wachome kwa makusudi eneo lisilopungua asilimia 5 ya ardhi kavu wanayoivuna na kuiotesha upya. Sijui nchi nyingi ambako moto umeandikwa kwenye mkataba kama haki ya wadudu. Nalileta hapa kwa sababu linatufundisha kuuliza swali ambalo sisi, wenye moto mwingi kuliko wao, hatujaliuliza. Nani kwetu anauhitaji?

Nyuma ya nyumba za Buzuruga, kama ilivyo Mabatini na sehemu nyingi za Mwanza, kuna kilima cha mawe makubwa yaliyopandana, na katikati ya mawe kuna nyasi ambazo hazifikiwi na mbuzi. Kiangazi kimoja mtu alichoma takataka chini yake, moto ukapanda. Siku chache baadaye nilikwenda kutazama. Ardhi ilikuwa na mashina mafupi meusi ya nyasi na jivu lililokwisha kupeperushwa nusu. Nilisimama nikidhani hapana kitu hai, mpaka kitu kikaruka mbele ya mguu wangu, kikaonyesha rangi ya machungwa angani, kikatua na kutoweka. Nilichuchumaa. Ilinichukua muda kumpata. Panzi alikuwa amejilaza sambamba na shina lililoungua, mweusi mgongoni, mweusi usoni, mapaja yana kijivu kilichopauka kile kile cha jivu. Nilipomsogelea alizunguka shina taratibu ili libaki kati yetu. Hatua chache kutoka pale, juu ya jiwe ambalo moto haukulifikia, alikaa mjusi mmoja wa mawe, dume mwenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, ambaye jina lake la kitaalamu, Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu. Mjusi alikuwa akiitazama ardhi ile ile kwa makini kuliko mimi. Mchana ule panzi mwenye rangi ya majani makavu asingemaliza saa moja pale.

Weusi huo si uchafu wa masizi. Uko ndani ya ngozi yenyewe. Edward Poulton, profesa wa Oxford, aliandika mwaka 1926 juu ya wadudu wa Afrika wanaofanana na ardhi iliyoungua. Swali lililobaki lilikuwa kama wanazaliwa hivyo au wanageuka. Jibu moja lilitoka jirani na hapa. Mwaka 1951 mtaalamu wa wadudu aitwaye Burtt, ambaye kazi yake Tanganyika ilikuwa utafiti wa malale kwenye maabara ya Tinde, Shinyanga, alichapisha makala akionyesha kwamba hata panzi aliyekwisha kukomaa anaweza kubadilika rangi akijikuta kwenye ardhi iliyoungua. Hahitaji kungoja kujivua ngozi. Baadhi ya vunjajungu wa Afrika nao wana uwezo wa namna hiyo, ila wao husubiri kujivua. Fikiria maana yake. Mwili hauwezi kujiwekea maandalizi ya jambo lisilotokea mara kwa mara. Panzi hawa wameishi na moto miaka mingi kiasi kwamba moto umeingia kwenye ngozi yao, na mayai yao yamo udongoni, chini kidogo tu ya mahali ambapo moto wa nyasi, unaopita kwa dakika chache, haufiki.

Si ajabu kwamba ugunduzi huo ulitoka Shinyanga. Shinyanga ndiko moto ulikotumiwa kama silaha dhidi ya mdudu. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika chini ya Waingereza, alianza huko mwanzoni mwa miaka ya 1920 jaribio la kuwafukuza mbung'o, hao ambao wafugaji wetu huwaita ndorobo. Aliona kwamba watu wakichoma ovyo mapema, nyasi zikiwa na unyevu, moto huwa dhaifu na vichaka hunusurika, na kichaka ndicho kivuli cha mbung'o. Akaomba nyasi zitunzwe mpaka zikauke kabisa, kisha watu wa himaya nzima wachome kwa pamoja. Moto wa namna hiyo uliunguza vichaka mpaka mashinani. Kazi ya kufyeka ilifuata, na watemi kama Makwaia wa Usiha waliwatoa watu wao kwa wingi. Swynnerton alikufa kwenye ajali ya ndege mwezi Juni 1938, pamoja na Burtt mwingine, B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea katika utafiti wa mbung'o. Aina moja ya mbung'o, inayopatikana Tanzania na Kenya tu, inaitwa Glossina swynnertoni kwa heshima yake.

Simlaumu Swynnerton. Malale yaliua watu, na nagana ilimaliza mifugo. Ila mafanikio yale yalituachia urithi wa aina mbili. Wa kwanza ni imani kwamba moto ni kitu kimoja, cha kuwashwa kote au kuzimwa kote. Wa pili ni ardhi tupu. Vichaka vilipoondoka waliingia watu, pamba na ng'ombe, na ilipofika miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa imeanza kutajwa kama jangwa.

Hapa lazima tupite Serengeti, maana kule kuna somo ambalo Usukuma tumelipitia bila kulitambua. Ugonjwa wa sotoka uliingia mwishoni mwa karne ya 19 ukawaua ng'ombe na nyumbu pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni. Chanjo ya ng'ombe wa vijiji vya jirani ilipokata mnyororo wa ugonjwa, nyumbu waliongezeka mpaka kufikia milioni 1.3 hivi mwishoni mwa miaka ya 1970. Midomo hiyo yote ilikula nyasi ambazo zamani zilibaki hadi kiangazi zikaungua. Eneo linaloungua kila mwaka likapungua sana, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua katika sehemu nyingi. Kwa maneno mengine, nyumbu waliula moto.

Moto uliobaki Serengeti una wateja wengi. Wakati unawaka, mwewe na korongo hutembea mbele yake wakiokota wadudu wanaokimbia, na keremkerem huwadaka wanaoruka. Ukishapita, anakuja ndege mdogo mkimbiaji, Cursorius temminckii, ambaye hupenda kutaga kwenye ardhi iliyoungua mayai yenye madoa mazito kiasi kwamba yanaonekana meusi. Majani mapya yakichipua, swala tomi hufika kwa sababu wanyama wadogo wanahitaji majani machache lakini bora. Swala huacha samadi, na samadi huleta mbawakawa. Hapa mdudu wetu wa sura hii anarudi kwa njia nyingine: huyu hana vishimo vya kuhisi joto, hata hivyo chakula chake kimeanzia kwenye moto. Uhodari wake hauna mfano. Huko Tsavo, Kenya, watafiti Anderson na Coe walihesabu mbawakawa 16,000 waliofika kwenye kilo moja na nusu ya kinyesi cha tembo na kukimaliza kwa saa mbili, wakiviringisha, wakila na kuzika. Kilichozikwa ni mbolea iliyowekwa kwenye mizizi ya nyasi zitakazoungua mwaka mwingine.

Sasa turudi upande wetu wa Lango la Ndabaka, lango la Serengeti. Ng'ombe wetu wameula moto kama nyumbu, tena zaidi, kwa sababu hawahami. Sehemu kubwa ya Magu, Kwimba na Misungwi haina nyasi za kutosha kuungua ifikapo Agosti. Zinazoungua ni mabaki: kingo za barabara, milima ya mawe, mbuga yenye majimaji ambako ng'ombe hawafiki mapema, na hizo huungua zote kwa siku moja, mwishoni mwa kiangazi, moto ukiwa mkali kabisa. Ndiyo maana msafiri wa Musoma anaona weusi mwingi na kudhani tuna moto kupita kiasi. Tunachokosa ni mchanganyiko. Panzi mweusi anahitaji baka lililoungua lenye nyasi hai karibu yake, ili majani yanapofunika jivu awe na pa kwenda. Akipewa kilomita nzima nyeusi anakufa kwa njaa. Akipewa malisho yaliyokwanguliwa mwaka mzima, weusi wake haumsaidii kitu.

Shinyanga yenyewe imetupa msingi wa kuanzia. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na jambo la busara kuliko yote uliyofanya ni kuwarudisha wazee kwenye ngitili, ule utaratibu wa Kisukuma wa kufunga kipande cha malisho wakati wa mvua na kukifungua kiangazi kikizidi. Ngitili zilizorekodiwa wakati ule zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sheria za ngitili husimamiwa na dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi. Ukiwasha moto ndani ya ngitili utalipa faini, na hakuna atakayekuonea huruma.

Sitaki faini hiyo ifutwe. Mzee aliyetunza nyasi tangu mvua za masika ili ng'ombe wake wavuke Septemba hawezi kuambiwa aunguze hata robo yake kwa ajili ya panzi, na mimi singethubutu kumwambia. Ninachomwomba kiko mpakani. Ngitili nzuri ina barabara ya moto kuizunguka, ukanda uliosafishwa ili moto wa jirani usiingie. Wengi huulima kwa jembe au kuukwangua mpaka udongo ubaki mtupu, kazi ngumu inayolegeza ardhi isombwe na mvua ya kwanza. Ukanda huo huo unaweza kuchomwa mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi shinani. Moto wa wakati huo hutembea polepole, huruka mashina, huacha visiwa vya nyasi zisizoungua, na hauwezi kuua mti ulioshika. Hifadhi zetu za taifa huchoma mapema kwa sababu hiyo hiyo. Wilayani Kilwa, vijiji vinavyolinda mpingo kwa kushirikiana na shirika la MCDI vimefanya hivyo ili moto mkali wa mwisho wa kiangazi usipate kuni. Kinga ya malisho na nyumba ya wadudu vinaweza kuwa ukanda mmoja.

Yapo masharti. Ukanda usichomwe wote kwa mwaka mmoja. Upande mmoja uungue mwaka huu na mwingine upumzike, ili daima kuwe na jivu jipya, majani mapya na nyasi nzee kwa umbali ambao panzi anaweza kuuruka. Gogo lililoungua libaki lilipoanguka. Hili najua ni gumu zaidi, kwa sababu kwetu gogo jeusi halingoji jioni: limeshakuwa kuni jikoni au limeingia kwenye gunia la mkaa. Waingereza hulibeba ili pawe safi, sisi hulibeba kwa sababu tunalihitaji, na mdudu aliyetaga ndani yake haoni tofauti. Magogo mawili matatu kwa ngitili yangetosha kuanzia. Kibali lazima kipatikane, maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu mtu kuwasha moto porini kwa kujiamulia, na afisa misitu wa wilaya anapaswa kuwepo siku hiyo akiwa na habari za upepo.

Halafu kuna kuhesabu. Tunajua idadi ya nyumbu, tembo na simba wetu kuliko nchi nyingi zinavyojua wanyama wao, lakini panzi waliomshangaza Burtt hatujawawekea hata daftari. Wanafunzi wa shule ya kata wanaweza kuutembea ukanda ulioungua asubuhi, kabla jua halijawachangamsha panzi, wakiandika weusi wangapi, wa kahawia wangapi, siku ngapi baada ya moto. Chuo cha Mtakatifu Augustino kipo hapa hapa Mwanza, na watafiti wa wanyamapori wa TAWIRI wako Serengeti. Kazi hiyo haina gharama ya kutafutia mfadhili.

Dagashida ikikubali, wakati wake ni mwishoni mwa mwezi wa tano au mwanzoni mwa wa sita, kabla kiangazi hakijakausha mashina. Kuchoma kufanyike jioni, upepo wa ziwa ukishatulia. Watu wasimame pande zote mbili za ukanda na matawi mabichi mikononi, maji yawe karibu, na moto uanzishwe upande ambako upepo unaelekea ili urudi nyuma taratibu. Kipande cha kwanza kiwe kile cha magharibi. Cha mashariki kisiguswe mpaka mwaka unaofuata.